Plaketi Tatu za Papa Karekezi

Kufikia Jumanne asubuhi, Muhawenimana alikuwa amesikiliza mashahidi tisa. Wote tisa walisema jambo moja, na kadiri walivyokubaliana, ndivyo yeye alivyozidi kutoelewa.

Papa Karekezi, mfugaji wa kilima cha juu ya Kalembe, alikunywa maziwa Jumapili jioni. Maziwa aliletewa na Nyiramahoro, mke wa mwanawe; mume mwenyewe alikuwa mbali kikazi. Nyiramahoro hakuyaonja kwanza. Jumatatu alfajiri Karekezi alikuwa maiti. Kila shahidi akifika hapo alimtazama Muhawenimana kama mtu aliyekwisha kutua mzigo na sasa anangoja mwingine aubebe.

Muhawenimana alikuwa afisa wa upelelezi, OPJ, mmoja tu kwa eneo lote lile. Mkubwa wake alikuwa mbali, na kati ya polisi wawili aliokuwa nao, mmoja alikwenda Pinga kwa moto, yaani pikipiki, na hakurudi. Nyiramahoro alikuwa ndani ya kasho, chumba cha mbao nyuma ya ofisi, kwa usalama wake mwenyewe. Kufuli la mlango ule lingefunguka kwa teke moja. Na Shyaka, mdogo wa marehemu, alikwisha kusema mbele ya watu: mazishi ni saa nane, na baada ya mazishi familia itashuka kumchukua mlozi wake.

Ilikuwa saa mbili na nusu.

Alifungua kasho, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa nini hukuonja?"

"Mama OPJ, unaniuliza mara ya tatu."

"Nitakuuliza hata ya kumi."

Nyiramahoro alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kitenge alichokamatwa nacho bado kilikuwa na harufu ya moshi wa kusafishia vibuyu vya maziwa. "Weye ulikuwa bibi arusi siku moja?"

"Nilikuwa."

"Ulitia mudomo kwa chombo ya baba mukwe wako?"

Muhawenimana alifunua ukurasa mpya. Alijua. Anayetoa maziwa anaonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna sumu. Na mke wa mwana hagusi kwa midomo chombo cha baba mkwe, ni matusi. Desturi mbili, na binti huyu alisimama katikati yao na kikombe mkononi.

"Siku zote nani anaonja?"

"Mama Emérita. Lakini Jumapili alikuwa kanisani, koro ya kuimba ilikuwa na mazoezi. Papa akaniambia, 'Lete tu, mutoto wangu. Kama unataka kuniua, umechelewa.' Alikuwa anacheka. Lakini jasho ilikuwa inamushuka mpaka kwa ndevu."

Kalamu ilisimama. "Jasho mbele ya maziwa, ao kisha maziwa?"

"Mbele. Tangu Ijumaa alikuwa anatoka jasho. Alikuwa anashika kifua, hivi. Nikamwambia twende kwa munganga wa kituo cha afya, akakataa. Alikuwa muntu wa dawa, hakukosa hata siku moja miaka mbili. Sasa anakataa munganga. Sikuelewa."

"Dawa gani?"

"Ya tension, damu kupanda. Miye njo ninaendaka kumuchukulia, kila tarehe moja."

Muhawenimana aliandika, halafu akatamani asingeandika. Msichana alikuwa amejiondolea kamba moja shingoni na kujivisha nyingine. Aliyeleta maziwa ndiye pia aliyekuwa akileta dawa.

*

Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu. Uani kwa marehemu watu walikaa kwenye mabenchi ya kanisa. Kando kabisa, chini ya uzio wa ng'ombe, alikaa mzee mmoja mwenye koti la kahawia, kichwa kimeinama, mabega yakipanda na kushuka. Pumzi yake ilisikika hadi njiani, ikitoka kwa mluzi mwembamba.

"Ule ni nani?"

"Mbonigaba," alijibu Shyaka, aliyekuwa amemfuata kutoka mlangoni. "Rafiki ya ng'ombe ya kaka yangu, walipeana ng'ombe. Tangu jana hakuli, analia tu. Ule njo anajua kulia muntu. Na weye, umekuja tena na makaratasi? Karatasi haifufue muntu."

"Wala rungu haimfufue, Papa Shyaka."

"Rungu haifufue. Inazuia wa pili."

Ndani, mjane, Mama Emérita, alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Muhawenimana alipiga magoti, akatoa pole, akaomba kuona dawa. Emérita alivuta mkebe wa maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda, akaufunua. Mlikuwa na plaketi tatu za vidonge, zote tupu, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Tunazichunga," alisema. "Munganga anataka zilizoisha. Bila hizo hatoi zingine."

"Kwa mwezi anatoa ngapi?"

"Sita. Kila moja iko na kumi. Asubuhi moja, mangaribi moja."

Muhawenimana alihesabu kwa vidole, akarudia. Tarehe moja vidonge sitini. Karekezi alikufa alfajiri ya tarehe ishirini. Angekuwa amemeza thelathini na vinane, na ishirini na viwili vingekuwa hapa. Lakini hapa palikuwa na nafasi ya thelathini tupu, na plaketi tatu nzima hazikuwapo, hata maganda yake.

"Zingine tatu ziko wapi, Mama?"

"Sijue. Papa njo alikuwa anashika mukebe."

"Jumapili usiku alikuwa namna gani?"

Emérita aliweka kiganja kifuani. "Alisema, ng'ombe imenikanyaga hapa. Niliweka mukono. Moyo ilikuwa inakimbia kama moto inapanda mulima na mizigo. Inakimbia, inaruka, inakimbia. Mpaka ikanyamaza."

Kivuli kilihama mlangoni. Shyaka alikuwa amesikia yote.

"Makumi tatu!" Sauti yake ilifika uani kabla mwili wake haujageuka. "Batu, musikie! Vidonge makumi tatu havionekane! Alivisaga ndani ya maziwa! Nani anachukuaka dawa? Yeye! Nani alileta maziwa? Yeye!"

Benchi moja lilianguka. Muhawenimana alisimama mlangoni, daftari mkononi. Maneno ya Shyaka yalikuwa na mantiki kuliko chochote alichoandika yeye kwa siku mbili. Aliuchukua mkebe, akateremka karibu akikimbia.

*

Munganga Jean-Bosco, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, alifungua rejista kabla ya kuombwa. Tarehe moja: Karekezi, propranolol, vidonge sitini, amepokea Nyiramahoro. Plaketi sita tupu za mwezi uliopita zimerudishwa.

"Muntu akimeza makumi tatu mara moja," Muhawenimana aliuliza, "anakufa vipi?"

"Polepole. Hii ni dawa inayotuliza moyo. Akizidisha, moyo unapiga pole, pole zaidi, tension inaanguka, mikono baridi. Anasinzia, pengine anatetemeka kama mwenye kifafa. Halafu unasimama."

"Wa kwake ulikimbia. Uliruka. Alitoka jasho siku tatu, na kifua kilimuuma."

Jean-Bosco alivua miwani. "Nani alisema?"

"Mama Emérita aliweka mkono. Na msichana aliona jasho tangu Ijumaa, mbele ya maziwa."

"Basi hakuzidisha." Alikaa. "Mama OPJ, huyo hakuwa na dawa ndani ya mwili. Huyo aliacha."

"Kuacha dawa ni kukosa dawa. Anarudi tu alivyokuwa zamani."

"Hapana. Sikiliza. Umeona muntu anashuka mulima na ng'ombe kwa kamba? Ng'ombe inavuta, yeye anashika. Miaka mbili anashika. Ng'ombe inazoea kuvuta kwa nguvu sababu kamba iko pale. Sasa achilia kamba mara moja. Itatembea?"

"Itakimbia."

"Itakimbia kuliko ile isiyofungwa hata siku moja. Moyo pia. Hii dawa, kama unataka kuiacha, unalegeza kidogo kidogo, wiki moja, mbili, na munganga anapima. Ukikata mara moja, siku ya pili, ya nne, kifua kinabana, moyo unaweza kupasuka. Siwezi kuapa ni hivyo, hapa hakuna wa kupasua maiti. Lakini kama ungeniuliza bila karatasi, ningesema ni hivyo."

Muhawenimana aliinamia daftari lake. Vidonge thelathini, viwili kwa siku, vinaisha tarehe kumi na tano, Jumatano. Alhamisi hana. Ijumaa jasho. Jumatatu alfajiri maiti. Hesabu ilikaa sawasawa, na bado ilimshangaza: alipanda kilima kutafuta kitu kilichoingia mdomoni mwa marehemu, kumbe kilichoua ni kile ambacho hakikuingia.

"Zilipoisha, kwa nini hakuja kwako? Ni mwendo wa saa moja."

Jean-Bosco aliinua macho. Muhawenimana alifuata macho yake hadi ukutani. Karatasi ilibandikwa pale, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: BILA PLAKETI TUPU, HAKUNA DAWA.

"Niliandika miye," alisema Jean-Bosco. "Batu walikuwa wanapeleka dawa kuuza Pinga. Angekuja na plaketi tatu, ningemuuliza zingine tatu ziko wapi. Alijua ningemuuliza."

"Na hakutaka kusema."

"Nilimwambia mara ngapi asiache! Usiache, Papa, hata ukijisikia muzima, usiache. Kila mwezi." Aliifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Sikumwambia asigawe. Sikufikiria."

Neno hilo, kugawa, Muhawenimana alilisikia, likapita, likarudi. Mwuaji anayesaga vidonge huacha maganda mahali fulani, na msichana asingeweza kutupa maganda ambayo kituo kitayadai kwake tarehe moja. Plaketi nzima zilizoondoka nzima zilitoka kwa mkono wa mwenyewe.

"Mtu gani haruhusiwi kumeza hii dawa?" Aliuliza kwa mazoea ya kazi, hakujua inamsaidia nini.

"Ambaye moyo wake unapiga pole tangu mbele. Na mwenye asima. Asima hasa. Hii inafunga njia ya pumzi. Utasikia anapumua na mluzi kama..."

Muhawenimana alikwisha kusimama.

"Mbonigaba iko na asima?"

"Tangu utoto. Mwezi wa tisa tulipima batu kanisani, tension yake ikawa juu. Nikamwambia, uje Alhamisi, tutatafuta dawa inayokufaa. Hakuja. Nilifikiri amedharau."

"Beba mfuko wako, munganga. Na ile bomba ya pumzi."

*

Saa saba walikuwa uani. Jeneza lilikwisha kutolewa nje. Vijana sita walisimama na Shyaka karibu na njia ya kushukia, na mmoja wao hakujaribu hata kuficha fimbo yake.

Muhawenimana aliwapita, akaketi kwenye nyasi kando ya Mbonigaba. Kwa karibu, midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya majivu.

"Papa, unapumua vibaya."

"Ni kilio, mama."

"Kilio haina filimbi."

Mzee alitazama ng'ombe.

"Leo asubuhi umemeza?"

Mzee alijipapasa kifuani. Kisha Mbonigaba aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa leso, akaifungua juu ya goti. Plaketi mbili tupu. Moja nzima, vidonge kumi.

"Moja kila asubuhi," alisema. "Yeye alikuwa na mbili, lakini nilitaka zidumu."

"Alikupa lini?"

"Tarehe moja. Siku ile ile mutoto alizileta." Alivuta pumzi katikati ya kila neno kama anayepanda. "Zamani alinipa ng'ombe. Miye mulimaji, sikuwa na hata kwato. Mwaka ile batu wa bunduki walikuja kuchukua ng'ombe zake zote, nikamurudishia ndama ya ile aliyonipa. Tangu pale hatukuhesabu kitu kati yetu. Akiwa na chumvi, niko na chumvi. Nilimwambia munganga amenipima, iko juu. Akasema, kama ni tension, basi dawa iko yetu. Akaweka tatu huku, tatu huku."

"Ulijua zake zimeisha?"

"Ijumaa. Nilimuletea hizi, nikamwambia chukua. Akakataa. Akasema kitu alichotoa haiwezi kurudi kwa nyumba yake, atangoja tarehe moja. Alikuwa na jasho. Nikafikiri ni malaria."

"Na mutoto wa watu iko kwa kasho siku mbili, umekaa hapa?"

Mzee alifunga macho. "Nikisema, watasema miye njo nilimuua. Na sijue kama siyo kweli, mama. Nafikiri, nafikiri, sijue."

"Kwa nini unaendelea kumeza?"

"Ni yake. Nitaitupa namna gani?"

Jean-Bosco alikwisha kupiga magoti, akasikiliza mgongo, akashika kifundo cha mkono na kutazama saa. Akampulizia bomba mdomoni mara mbili, akangoja, akampulizia tena. "Hii unaacha leo. Lakini unalala kwa kitanda ya kwangu, ninakupima asubuhi na mangaribi."

"Umesema haiachwi mara moja!" Muhawenimana alishindwa kujizuia. Kalamu ilikuwa imechana karatasi.

"Ya yule. Ilikuwa inamushikilia. Huyu inamunyonga, haikupaswa kuingia kwa mudomo wake hata siku moja."

"Dawa moja."

"Dawa moja. Batu wawili."

Muhawenimana alifuta alichoandika, akaandika upya, akafuta tena. Aliyekosa alikufa, aliyepata alikuwa anakufa, na katikati yao hapakuwa na adui.

Shyaka alikuwa amesogea. "Munanong'ona nini na muzee?"

"Papa, mwambie," alisema Muhawenimana.

Mbonigaba aliinuka kwa kushika uzio. Alimwambia Shyaka yote, mbele ya mabenchi, mbele ya jeneza, akisimama kila mara kutafuta pumzi, na kila aliposimama hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alinyoosha leso. "Kama unatafuta aliyemuua, usishuke mpaka Kalembe. Niko hapa."

Vijana walimtazama Shyaka. Shyaka alitazama plaketi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika njia panda akakuta alama zimeng'olewa.

"Na maziwa?" alisema. "Hakuonja! Kila muntu aliona hakuonja!"

"Maziwa iliyobaki nilikunywa miye."

Ilikuwa sauti ya Emérita, kutoka mlangoni.

"Nilitoka koro, nikakuta nusu ya chombo. Maziwa haimwangwe. Nikakunywa yote. Mbona niko hapa?"

Muhawenimana aligeuka. "Mama, jana hukuniambia."

"Jana uliniuliza kama niliona akipewa. Sikuona. Na Shyaka alikuwa amesimama pale pale. Hakuna aliyeniuliza maziwa ilienda wapi."

Muhawenimana alipekua daftari hadi ukurasa wa jana. Ilikuwa kweli. Swali hilo halikuwapo.

Polisi wake aliyebaki alitumiwa neno afungue kasho. Mazishi yalichelewa saa moja kwa ajili ya binti huyo, na hakuna aliyelalamika. Mbonigaba alitupa udongo akiwa ameshikwa mkono na Jean-Bosco, kisha wakateremka naye taratibu, wakipumzika kila baada ya hatua kumi.

Watu waliporudi uani, Muhawenimana aliketi pembeni kumalizia karatasi yake. Chanzo cha kifo aliandika kwa maneno ya munganga, pamoja na ile "inawezekana" yake. Chini yake palikuwa na mstari wa jina la mtuhumiwa. Aliwaza desturi, aliwaza karatasi nyekundu ukutani, aliwaza urafiki uliofungwa kwa ng'ombe wawili. Kalamu ilikaa juu ya mstari hadi wino ukaacha doa.

"Nyiramahoro," aliita Emérita. "Batu wamekaukiwa. Lete maziwa."

Msichana alitoka na inkongoro, chombo cha mti cha kunywea maziwa, amekishika kwa mikono miwili. Alisimama. Macho yalizunguka uani kutafuta wa kumpa kwanza, na uani kote hapakuwa na wa kuitwa baba mkwe sasa ila Shyaka, mdogo wa marehemu.

Alipiga magoti mbele yake. Hakuonja. Hakuweza.

Kila mtu alitazama midomo ya msichana, halafu mikono ya Shyaka. Emérita alijikongoja kutoka mlangoni, akanyoosha mkono ili aonje yeye, mambo yaishe.

Shyaka alikipokea chombo, akakihamisha upande wa pili, mbali na mkono wa shemeji yake. Alikiinua, akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka kwa muda mrefu. Alipokishusha, povu lilikuwa limebaki kwenye sharubu, na machozi yalikuwa yamelifikia.

Alimrudishia Nyiramahoro chombo kitupu.

"Ongeza," alisema.